Sala ya Maji

Maji yaligoma kukauka.

Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya ukumbi, brashi mkononi, ndoo ubavuni, na mbele yangu, juu ya bamba la saruji walilolitandika mafundi, mwanangu alikuwa ananitazama. Macho, nyusi, ule mdomo ulio tayari siku zote kuanza jambo. Nyumbani, kwenye baraza yetu, jua lingekuwa limeshamchukua. Hapa hapakuwa na jua. Palikuwa na taa nyeupe za dari, kiyoyozi kinachovuma kama mtu anayekoroma kwa adabu, na watu waliovaa vizuri, wamenizunguka kwa duara, wakingoja nimalize. Nami sikuweza kumaliza. Sala yangu ilikuwa na mwisho mmoja tu, na mwisho huo ulikuwa mikononi mwa maji.

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine, akidhani ndiyo basi, akapiga makofi mawili matatu, kisha akaona amekosea, akaificha mikono nyuma.

Ni zamani sasa. Siku hizi nikichuchumaa, kuinuka ni shughuli. Lakini baridi ya sakafu ile bado iko magotini mwangu, na ikitokea nikaingia mahali penye kiyoyozi, benki au hospitali, mwili hukumbuka kabla yangu.

Binti yetu tulimwita Chiriku. Jina lake la cheti lilibaki shuleni. Nyumbani na mtaani alikuwa Chiriku, kwa sababu alizungumza bila kituo. Alizungumza akila, akioga, akifunga viatu. Alizungumza akipiga mswaki, povu limemjaa mdomoni, anakusimulia ugomvi wa rafiki zake nawe huambulii kitu ila "eti" na "halafu". Baba yake, aliyekuwa fundi wa friji, alikuwa akirudi kazini amechoka, anaketi, anavua viatu, na kabla kiatu cha pili hakijatoka, Chiriku yuko ubavuni pake anasimulia.

"Huyu ukimfungia chumbani na redio," baba yake aliniambia siku moja, "redio ndiyo itakayobisha hodi itolewe."

Kisha msimu mmoja wa mvua alirudi kutoka shuleni akasema kichwa kinamuuma, akaketi, akanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikotutisha. Mtoto mwingine angenyamaza tungesema amechoka. Tulimbeba hospitali mvua ikitupiga, na daktari alipomwinamisha shingo na shingo ikakataa, niliuona uso wa daktari ukijifunga. Homa ya uti wa mgongo. Tuliomba. Mume wangu alisali, watu wa ibada yake walikuja kwa zamu wakasali, na mimi nilisali kuliko wote. Nilisali nimepiga magoti kati ya kitanda na ukuta, paji la uso kwenye chuma cha kitanda, mpaka muuguzi akaniomba nimpishe abadilishe dripu. Sikuacha neno. Yote niliyofundishwa na mama yangu niliyatoa, hata yale ya kitoto, hata ahadi za kipumbavu.

Akafa mchana kweupe, saa ya wageni, watu wakipita wodini na vyombo vya chakula wakiuliza kitanda cha ndugu yao kiko wapi.

Sikugombana na Mungu. Watu walidhani hivyo, lakini kugombana ni kuongea. Mimi nilifungua mdomo siku ya pili baada ya mazishi nikakuta hamna kitu, kama bomba siku maji yamekatika: linakohoa hewa, basi. Nikalifunga.

Mume wangu hakufunga. Alikuwa mmoja wa wazee wa ibada, msomaji, mtu mwenye sauti ya kutuliza. Misiba ya wengine aliiendesha yeye. Miezi michache baada ya kuzika, alisimama mbele ya watu akatoa ushuhuda. Mimi nilikuwa nimeketi benchi la nyuma, nimekuja kwa ajili yake tu. Alisema, kwa sauti ile ile nzuri, kwamba nyumba yetu imefarijika. Watu wakaitikia kwa furaha. Niliangalia mikono yangu. Sikurudi tena pale.

Na kuna jambo lingine la siku zile ambalo halina sauti lakini lilinimaliza. Mtaani nilikuwa Mama Chiriku. Sasa watu hawakujua waniite nani. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwanamke mwema aliyenipikia msiba mzima, alinikuta bombani akaanza, "Mama Chi—", akakatiza, akatazama ndoo yake, akasema, "Habari za asubuhi, Mwalimu." Tangu siku hiyo nikawa Mwalimu kwa kila mtu. Nilikuwa mwalimu kweli, nilifundisha uchoraji chuoni. Jina halikuwa la uongo. Lakini kila waliponiita hivyo nilihisi wamemzika mara nyingine.

Mradi ulikuja kwa njia ya chuo. Mratibu wa jumba la sanaa, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, alituita walimu wachache na wasanii wa mjini akatueleza anachotaka: kila mmoja achague tendo moja dogo, alifanye kila siku tangu kiangazi mpaka mvua zirudi, na mwishoni alionyeshe mbele ya watu. Tendo lenyewe ndilo liwe kazi ya sanaa. Mmoja akasema atapiga picha ya mlango mmoja kila siku. Mwingine atashona kifungo kwenye koti lile lile. Zamu yangu ikafika, nami nilikuwa sijafikiri chochote. Mdomo ukasema wenyewe.

"Nitatunga sala."

Wenzangu wa chuoni wakatazamana. Mratibu akavua miwani. Alikuwa amekuja msibani, alinijua.

"Si niliambiwa umeacha kusali?"

"Ndiyo maana."

Akaivaa tena miwani, akaandika. Nilipofika nyumbani nilijiona mpumbavu. Mtu asiye na neno moja la kumwambia Mungu, sasa amejipa kazi ya kumwambia kila siku.

Wiki za mwanzo nilihangaika. Niliwasha mshumaa alfajiri nikaukodolea macho. Ulikuwa mshumaa tu, na mimi nilikuwa mtu anayemaliza mshumaa bure. Nikajaribu kuketi kimya. Kimya cha nyumba yetu kilikuwa na vishindo vingi: friji mbovu za wateja zilipangwa sebuleni, na mojawapo haikosi kustuka na kuanza kunguruma pale ninapotaka kutulia. Nikajaribu udongo, nikafinyanga kibakuli kila siku, lakini vibakuli vilianza kujipanga dirishani, vikawa vizuri, nikaanza kuvipenda, nikavivunja. Sikutaka kitu kizuri kibaki. Aliyestahili kubaki hakubaki.

Maji yalinijia nikiwa nadeki. Nilikuwa nimesugua baraza, jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya paa la jirani, nikachukua brashi pana ya chokaa kuisuuza. Nikaikung'uta. Mstari mweusi ukalala kwenye saruji, mrefu, umepinda mwishoni kama ncha ya kiatu. Nikauongezea mstari mwingine. Kikawa kiatu kweli: kiatu cha shule cha Chiriku, kisigino kimekanyagwa kwa sababu hakuwa na subira ya kufungua kamba. Nilisimama nikikiangalia. Jua likafika. Kiatu kikaanza kuondoka, kwanza ncha, kisha ulimi, kisha kamba moja moja, mpaka saruji ikawa saruji.

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Haya."

Hilo likawa ndiyo amina yangu. Ukilifikiria, ni neno la ajabu. Mtu hulisema akikubali, na hulisema akishindwa. Hufukuzia kuku, huagia mgeni, huharakishia mtoto anayechelewa shule. Mimi nilikuwa nalo moja hilo tu lililobaki, na lilitosha.

Basi nikaiwekea sala yangu taratibu. Miguu mitupu. Ndoo moja, brashi ile ile. Kitu kimoja cha mtoto kila asubuhi, kisichorudiwa: kitana chenye meno yaliyong'oka, goti lenye kovu, sikio, kikombe, begi lililotuna upande mmoja. Mstari ukikosewa haufutwi. Nikimaliza nakaa juu ya visigino nangoja, na kabla hakijakauka chote sisemi kitu. Uso sikuchora. Niliujaribu mara moja, akatoka mtoto wa watu, mzuri, hanijui. Nikamwagia ndoo nzima.

Saa hiyo hiyo, nyuma ya mlango wa chumba, mume wangu alikuwa akisali. Kabla ya msiba tulisali pamoja. Sasa alijifungia, nami nikiwa barazani nilisikia mvumo wa sauti yake ukipita kwenye mbao, haukatiki, haupandi haushuki. Nyumba moja, sala mbili, na mlango katikati. Akitoka, alinikuta nangoja saruji ikauke, akaruka eneo lenye maji kwa hatua ndefu ya uangalifu, akaenda kazini.

Siku moja alisimama.

"Unamwomba nani hapo?"

"Simwombi mtu. Nafanya kazi."

"Kazi gani inayokauka?"

Nilicheka kidogo, na yeye nusura acheke. Kisha akakumbuka, nadhani, kwamba hatucheki pamoja siku hizi, akainua sanduku lake la vifaa akaondoka.

Mambo kama hayo hayafichiki mtaani. Jirani aliniona juu ya ukuta, akanyamaza kwa heshima, lakini alimwambia mtu, na mtu yule akamwambia mtu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mwanamke asiyejua kuzunguka maneno, alifunga safari akaja kuketi sebuleni na mkoba mapajani.

"Wifi, nikuulize bila kukuficha. Watu wanasema umeingiwa."

"Nimeingiwa na nini?"

"Ningejua ni nini si ningekuja na jina lake?" Akasogea karibu. "Unachora viungo vya marehemu chini. Asubuhi. Kwa maji. Sasa nimwambie nini mtu akiniuliza?"

"Mwambie ni kazi ya chuo."

"Hiyo nimewaambia. Ndiyo imezidisha."

Tulikunywa chai. Alipoondoka alinishika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, nikajua kwamba alikuwa amekuja kwa upendo, na kwamba upendo huo haukuwa na mahali pa kuketi nyumbani kwetu.

Mvua zilipokaribia, jumba la sanaa lilibandika matangazo mjini, majina ya kazi yote yameandikwa. Yangu iliitwa "Sala". Kiongozi wa ibada akaliona. Sijui alimwambia nini mume wangu. Alimwita ofisini baada ya ibada, na mume wangu alirudi nyumbani akiwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekwenda kuomba kazi.

"Badilisha jina," aliniambia. Hakuketi. "Fanya utakavyo, lakini iite jina lingine. Iite Maji. Iite Baraza."

"Ni sala."

"Sala ina anayeombwa! Wewe mwenyewe ulisema humwombi mtu. Sasa unachukua jina la kitu kitakatifu unalibandika ukutani karibu na koti la vifungo. Watu wananiuliza mimi. Mimi ndiye ninayesimama pale mbele."

"Nami ndiye ninayepiga magoti pale nje."

Akanitazama. Kuna maneno ambayo mtu huyaona yanakuja, kama gari kwenye barabara nyembamba, na hakuna wa kurudi nyuma.

"Unamfanya mtoto wetu maonyesho," alisema.

"Na wewe ulimfanya ushuhuda. Ulisimama mbele ya watu ukasema nyumba imefarijika. Nyumba gani? Nani alifarijika humu ndani?"

Uso wake ulifanya jambo ambalo sikulitarajia. Sikuona hasira. Ulilegea, kama uso wa mtu aliyeguswa jeraha na mtu asiyejua lipo. Akavaa kofia, ndani ya nyumba, akaivua tena.

"Basi mimi sitakuja," akasema, na akaenda kulala kwenye kochi kati ya friji zake.

Siku ya maonyesho nilikwenda peke yangu na ndoo yangu. Mratibu alikuwa amefanya kila kitu kwa wema: bamba la saruji kama la baraza, viti kando ya kuta, maelezo ukutani yakisema kwamba leo nitachora mkono. Nje mawingu yalikuwa yameshuka mpaka mapaa ya nyumba. Ndani kulikuwa na baridi ya kutosha kuhifadhia nyama. Sikuwa nimejaribu kuchora pale kabla, na hakuna aliyenishauri nijaribu. Mtu hafanyi mazoezi ya sala.

Nilivua viatu. Nikachovya brashi. Akilini nilikuwa nimeuandaa mkono wake, mkono wa kushoto, kidole cha kati chenye wino. Lakini mstari wa kwanza nilipouvuta uligeuka nyusi. Niliijua pale pale, kama unavyojua hatua za mtu wako uani. Nikaogopa, na mkono haukuogopa. Ukashuka kwenye jicho, ukazunguka shavu, ukapanda nywele zisizotulia, ukarudi mdomoni. Na nilipoinua brashi, alikuwa ni yeye. Si mtoto wa watu. Ni yeye, na alikuwa na jambo la kuniambia.

Hapo ndipo maji yalipogoma.

Walingoja kwa adabu, lazima niseme. Walisimama muda mrefu kuliko ilivyostahili. Kisha miguu ikaanza kubadilishana uzito, minong'ono ikapanda, wawili watatu wakaelekea kwenye meza ya vinywaji, na wengine wakafuata kama wanafunzi waliosikia kengele. Mratibu aliinama karibu na sikio langu.

"Mwalimu, tunaweza kumalizia. Watu wameona. Imewagusa."

"Hajakauka," nikasema.

Akanielewa, au akanihurumia, akaondoka. Nikabaki chini na mwanangu, watu wanazungumza juu ya vichwa vyetu kuhusu foleni na mvua.

Viatu vya kazi vilikuja vikasimama kando ya ndoo. Nilivijua kwa madoa ya grisi. Mume wangu alikuwa na ovaroli yake, mabega yamelowa manyunyu.

"Nilikuwa na kazi karibu na hapa," alisema.

Hakuwa na sanduku la vifaa. Alichuchumaa, polepole, akatazama.

"Umempatia," akasema. Kisha, kwa sauti iliyonipita karibu nisiisikie, "Jicho hili ndilo lenyewe. La kuomba aongezewe dakika tano."

Akaketi sakafuni karibu nami, na ovaroli yake, magoti juu kama mtoto. Tukaketi hivyo. Wageni walianza kuaga. Wafanyakazi wa ukumbi walianza kupandanisha viti kwa tahadhari, wakitupitia mbali.

"Nataka kukuambia kitu," mume wangu alisema bila kuniangalia. "Mimi sisali."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nakusikia kila asubuhi."

"Unasikia sauti. Tangu tulipomzika sijasali hata mara moja. Kule mbele nasoma kilichoandikwa, kusoma naweza. Lakini nyumbani, nikifunga mlango, hamna kitu. Nikaona nikinyamaza na mimi, nyumba nzima itakuwa imekufa. Basi nikawa natamka."

"Unatamka nini?"

Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"Vifaa. Chochote kinachokuja. Kompresa, feni, mpira wa mlango. Thamostati. Waya wa moto, waya wa ardhi. Navitaja mpaka nasikia brashi yako imetulia, ndipo natoka."

Nilicheka. Mungu anajua, kama alikuwa anasikiliza, kwamba sikukusudia. Kilinitoka kicheko kikubwa, cha tumbo, katikati ya ukumbi ule wa watu wapole, na mratibu akageuka na glasi mkononi. Mpira wa mlango! Miezi yote ile nilikuwa nimemwonea wivu, nimemchukia kidogo, nikidhani kwamba yeye bado ana mtu wa kuzungumza naye. Nilicheka mpaka nikashindwa, na kushindwa kukageuka kuwa kile kitu kingine, ambacho sikuwa nimekifanya mbele yake tangu hospitali. Akanishika kichwa, mkono wake mzito wenye harufu ya grisi na chuma, akakikandamiza begani pake. Naye alikuwa anatetemeka. Hakuna aliyemfariji mwenzake. Tulikuwa tumefika tu mahali pamoja.

Baada ya muda alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli, akatazama dari.

"Kiyoyozi hiki kikizimwa, na yale madirisha yakafunguliwa, atakauka upesi. Nikamwambie yule mama azime?"

Nilimtazama Chiriku. Nywele zilikuwa zimeanza kufifia pembeni, kidogo sana. Mdomo ulikuwa bado unang'aa.

"Acha," nikasema. "Acha kidogo."

Akaacha.

Lakini jumba lilikuwa na saa zake. Mlinzi alikuja akasimama mbali na funguo, akajifanya anakagua ukuta. Mratibu akaja mwenyewe, amevaa koti, akasema taratibu kwamba bamba litabaki pale pale, hakuna atakayelikanyaga, na kwamba anasikitika. Mume wangu aliniinua kwa kwapa, magoti yamekufa ganzi. Nikavaa viatu. Tulisimama pale mlangoni bega kwa bega, na mlinzi akaanza kuzima taa, safu moja moja, na kiyoyozi kikiendelea kuvuma. Mara ya pili maishani tulimwacha mtoto wetu amelala kwenye chumba cha baridi, tukaondoka.

Mvua ilinyesha kweli kweli sasa. Alibeba ndoo yangu, na kwa kuwa hatukuwa na mwavuli, mbele kidogo akaigeuza na kunifunika nayo kichwa, nami nikaiacha hapo, watu wakitutazama kutoka kwenye vibaraza vya maduka.

Asubuhi mratibu alipiga simu kusema kwamba walipofungua, saruji ilikuwa kavu. Aliuliza kama nataka bamba lihifadhiwe. Nikamwambia ni saruji tu, walitumie watakapo.

Mume wangu alimwendea kiongozi wa ibada akamwambia yote, hata ya kompresa. Hakufukuzwa; aliombwa apumzike, na mapumziko hayo yakawa marefu, kisha yakawa ya kudumu. Waliomsalimia kwa mikono miwili wakaanza kumsalimia kwa mmoja. Wifi yangu aliacha kuja kwa muda, halafu akaja bila maelezo, ameleta mboga, akaketi pale pale alipoketi siku ile. Nyumba yetu haikufarijika. Nalisema hilo kwa sababu watu wanaposikia habari hii hupenda kunitazama mwishoni wakingoja. Hatukupata mtoto mwingine. Mume wangu alikufa mwaka juzi, na mpaka siku ya mwisho sikumsikia akiomba, wala mimi sikumwombea. Nilimshika mkono nikamtajia vitu.

Lakini mvua zile zilipokatika nilirudi barazani na brashi, ingawa mradi ulikuwa umekwisha na hakuna aliyenidai. Mlango wa chumba haukufungwa tena. Yeye aliketi kizingitini na kikombe chake.

"Leo nini?"

"Kiwiko."

"Cha kulia au cha kushoto?"

"Cha kushoto. Alichoangukia."

"Aliangukia cha kulia, mama. Mimi ndiye niliyekiosha."

Tulibishana hivyo asubuhi nyingi, kuhusu kovu, kuhusu rangi ya kamba ya nywele ambayo kwa maji wala haionekani, na mara nyingine mchoro ulikuwa umeshakauka tukiwa bado tunabishana, nami nimesahau kusema neno langu.

Halafu ikafika asubuhi moja ambayo sikuamka mapema. Hapakuwa na sababu. Sikuwa mgonjwa, sikuwa nimechelewa kulala. Nilifungua macho nikakuta jua limejaa chumbani mpaka kwenye shuka, redio ya jirani inasoma habari za saa tatu, na upande wa pili wa kitanda uko mtupu. Alikuwa ameondoka kwenda kazini bila kuniamsha. Niliketi ghafla kitandani, nikitafuta nilichopoteza. Mezani palikuwa na kikombe cha chai alichonimiminia, kimefunikwa kwa kisahani.

Kilikuwa kimepoa. Nikakinywa hivyo hivyo, nimesimama, nikiangalia nje, ambako kuku wa jirani walikuwa wanapita barazani kwetu, mmoja nyuma ya mwenzake, pasipo mtu wa kuwafukuza.